Karatasi ya Nne Niliyoikana

Tuse mwanangu,

Begi lako jekundu umelifunga mwenyewe, na mie nimelinyanyua kidogo tu kujua uzito wake. Sijalifungua. Sweta umeweka, najua, maana Dodoma ina baridi ya asubuhi na wewe baridi hujawahi kuifanyia mchezo. Kwa hiyo humu hutakuta habari za kula, kulala mapema wala kuchagua marafiki. Hayo nimeyasema miaka ishirini na mitano mpaka nimejichosha mwenyewe, na ambayo hayajaingia hayataingia leo.

Ni Jumamosi, alasiri. Wewe uko Boko kumuaga mama yako mdogo, baba yako yuko kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, na mie nimekaa karakanani kwenye meza ya kukatia. Mafundi wameondoka saa saba. Nimefunga mlango wa mbele, nimeacha wazi dirisha la upande wa viwandani. Nataka nimalize kabla hujarudi, kwa sababu ukinikuta na kalamu utaniuliza naandika nini, na mie nitasema naandika orodha ya vifungo, na hapo nitakuwa nimekudanganya tena.

Ndiyo, tena. Tulia, usome mpaka mwisho.

Umekulia chini ya meza hii. Nilipoanza sikuwa na karakana, nilikuwa na cherehani moja kwenye baraza ya mwenye nyumba wetu hapa Chang'ombe. Msichana wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, Kiswahili changu watu wanakicheka, nashona sketi za shule kwa majirani. Ulipozaliwa nilikulaza kwenye vipande vya kaki vilivyobaki, na ukilia nilikuwa nakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi, maana mlio ule ndio uliokutuliza. Rangi ulizijua kwa shule. Ukiona mtoto barabarani amevaa damu ya mzee unataja shule yake na darasa lake, hata kama hujui bado kuhesabu mpaka kumi. Na Desemba! Desemba yote nyumba ilikuwa inanuka kitambaa kipya na pasi ya mkaa, na wewe ulidhani hiyo ndiyo harufu ya Krismasi. Wenzako walikuwa wananusa pilau, wewe unanusa tetroni. Mpaka leo nikifungua jora jipya nakuona umekaa hapo sakafuni na chaki mdomoni.

Bi Zaituni alikuja mwaka ulioanza chekechea. Unajua kwao walikuwa na duka la vitambaa Temeke, tangu enzi za babu yake aliyetoka Uarabuni, na kwamba duka lile lilikufa pamoja na baba yake. Alisimama mlangoni amevaa baibui lake jeusi, kastabini ya shaba iko tayari kidoleni, akaniambia hajui kukata na cherehani haitaki, ila upindo na vifungo hakuna wa kumfundisha. Nikamwekea kiti palepale mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Hakuhama hapo kwa miaka kumi na saba.

Unakumbuka alivyokuwa akipima watoto? Hakutumia futi. Mzazi akileta binti wa darasa la tatu, Bi Zaituni anamshika kiganja, anatazama miguu, anamuuliza baba yake ana kimo gani, kisha anaamua upindo uwe wa vidole vitatu au vinne. Huo upindo wa kukulia ndio uliotujengea jina. Sketi yetu ilikuwa inashushwa Januari, inashushwa tena Julai, mtoto anaivaa mpaka anachoka nayo. Na mie nikaamini watu wanakuja kwa sababu ya jina langu lililoandikwa juu ya mlango.

Sasa tufike kwenye zile karatasi.

Miaka mitatu iliyopita ulikuja kufanya mafunzo ya vitendo hapa nyumbani, hayo nyie mnayaita fildi. Ungeweza kwenda kwenye kampuni kubwa, ukachagua karakana ya mama yako, na mie nilitembea mtaa mzima nikijisifu. Chuoni mlikuwa mmefundishwa kuichora biashara kama wajenzi wanavyochora jengo. Ukanieleza taratibu, maana unanijua. Ukasema, Mama, nyumba ni moja, lakini mwenye nyumba akiiwaza anaona sebule na vyumba. Mchoraji anaona vipimo. Mwashi anaona tofali ngapi na saruji ngapi. Fundi umeme anaona nyaya ambazo mwenye nyumba hatazitazama maisha yake yote. Ramani zote ni za kweli na hakuna hata moja inayosema yote. Nami nikakujibu kwa kejeli, kwamba tumekulipia ada miaka mitatu uje kuniambia nyumba ina nyaya.

Ulicheka, ukaendelea. Wiki sita ulikaa na kila mtu. Ukabandika manila tano ukutani juu ya meza ya pasi. Ya kwanza, karakana kama mpita njia anavyoiona: shule gani, nguo gani, watu gani. Ya pili, kama mie mwenye nayo ninavyoiona. Ya tatu ilikuwa safari ya kitambaa, kutoka jora mpaka mfuko wa mzazi. Ya nne, kama mafundi wanavyoiona. Ya tano, kama mzazi mwenye mtoto mkononi anavyoiona.

Ya pili niliipenda. Mie katikati, mistari yote inatoka kwangu inakwenda kwa watu. Nikasema kumbe mtoto ana akili. Kisha nikafika ya nne. Katikati umeandika Bi Zaituni. Mistari yote inakwenda kwake: mkataji akiwa na shaka na kipimo, mshonaji akigombana na mwenzake, shule ikibadilisha kola au idadi ya marinda, nguo ikirudi na kasoro, yote kwake. Nikajitafuta. Nikajikuta pembeni, kijisanduku kidogo, umeandika: hutoa vitambaa, hufungua mlango.

Mwanangu, damu ilinipanda. Nilisimama mbele ya karatasi ile nikiwa na pasi ya moto mkononi. Miaka yote ile ya kuinama, mgongo umepinda, macho yamechoka, halafu mtoto niliyemlaza kwenye kaki ananiandika mfungua mlango. Sikukwambia kitu. Nilikwambia tu ule, chakula kinapoa. Mie nikikasirika kweli huwa nakaribisha watu chakula, hilo ulijue hata kama umeondoka.

Jumatano ile mwalimu wako alikuwa aje saa nane kukukagua. Alipiga simu asubuhi kwamba atawahi, atafika saa sita na nusu. Simu niliipokea mie. Nikakutuma Kariakoo ukanunue zipu, na zipu zilikuwepo boksi zima chini ya meza. Ulikwenda mbio ili uwahi kurudi saa nane. Alipofika, Bi Zaituni alikuwa chumba cha nyuma anaswali adhuhuri, mafundi wako nje wanakula. Mwalimu akazitazama karatasi zako kwa muda mrefu, na alipofika ya nne akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Akaniuliza kama ndivyo ilivyo.

Nikamwambia, "Hiyo ameitunga, mwalimu. Hakukaa na mafundi hata siku moja. Huyo Bi Zaituni mwenyewe kaiona akasema haijui."

Nilisema hivyo, Tuse. Kwa mdomo wangu huu. Mwalimu aliandika kwenye daftari lake, akauliza kama anaweza kumwona huyo bibi, nikasema yuko kwenye swala na hapendi kusumbuliwa. Alikuwa na wanafunzi wengine wa kutembelea, akaondoka. Ulirudi na zipu umeloa jasho, ukanilaumu kwa nini sikukupigia simu. Nikasema nilisahau.

Yaliyofuata unayajua kuliko mie. Kazi yako ikakataliwa. Ukaambiwa mmoja wa wafanyakazi, Bi Zaituni, ameukana mchoro wako, ukatakiwa kurudia mafunzo mwaka uliofuata mahali pengine. Wenzako wakavaa majoho, wewe ukawapiga picha. Na siku ile ulipopata habari ulikuja moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha Bi Zaituni, ukasimama, ukamwuliza, "Bibi, mie nilikukosea nini hata ukamwambia mwalimu huijui karatasi yangu?"

Nilikuwa kwenye chumba cha kujaribia nguo, nampima mtoto wa darasa la saba. Pazia lile ni fupi, miguu yangu ilikuwa inaonekana. Nikachungulia. Bi Zaituni aliinua macho kutoka kwenye upindo. Alitazama miguu yangu chini ya pazia, akaitazama vizuri, kisha akakutazama wewe. Hakuwahi kuonana na mwalimu wako hata dakika moja, na mtu pekee aliyezungumza naye ni mie. Alikwishajua. Nikangoja aseme jina langu.

Akasema, "Nisamehe, mjukuu wangu. Ni uzee."

Nawe ukaondoka. Nami nikaendelea kumpima yule mtoto kiuno mara tatu, vipimo vyote havifanani.

Ungedhani baada ya hapo ningeona aibu. Aibu ilikuja, lakini ilikuja na jeuri. Kila nilipomwona pale mlangoni roho ilikuwa inanisuta, na mtu anayekusuta bila kusema neno anachosha kuliko anayekutukana. Kwa hiyo nilipopata chumba cha duka kule Mbweni, kwenye yale makazi mapya, nikamwambia umefika wakati apumzike. Nikampa doti mbili za khanga na birika jipya. Alishukuru. Alivua kastabini akaitia kwenye mkoba, akaondoka polepole, na mafundi wote wakasimama wakamsindikiza mpaka barabarani. Mie nilibaki ndani nikijifanya natafuta mkasi.

Mbweni niliianzisha kwa karatasi ya pili, Tuse, ile niliyoipenda. Mie katikati. Asubuhi Chang'ombe, mchana Mbweni, kila mtu aniulize mie. Januari ilipofika tukaumbuka. Shule moja ilikuwa imebadilisha kola tangu Oktoba, mwalimu wao mkuu alikuja akamweleza Bi Zaituni kama ilivyokuwa desturi, na Desemba tulipoanza kushona Bi Zaituni hakuwepo tena wa kutuambia. Sketi zilitoka na upindo wa kidole kimoja, maana nilisema tubane kitambaa. Mkataji na mshonaji wakagombana juu ya marinda, wakanuniana wiki nzima, na hakuna aliyewapatanisha kwa sababu mie nilikuwa Mbweni, na hata ningekuwepo wasingeniambia. Wazazi wanarudisha nguo, na kila anayerudisha ananiuliza yule bibi wa mlangoni yuko wapi. Mwezi ule niliulizwa habari za Bi Zaituni kuliko nilivyoulizwa hali yangu. Pasaka haijafika nikafunga Mbweni.

Siku niliyorudisha meza na vyerehani hapa ndipo nilipoitoa karatasi ya nne. Nilikuwa nimeibandua na kuiviringisha ndani ya jora la bitana. Nikaitandaza juu ya meza hii hii, nikaisoma kwa mara ya kwanza, maana siku ile ya kwanza sikuisoma, nilijitafuta tu. Kila kilichoniangusha Mbweni ulikuwa umekichora. Kola ipo. Marinda yapo. Ugomvi upo, na umeandika nani huupatanisha. Nililia, mwanangu, nikafutia machozi kwenye bitana.

Basi nikaenda Tandika, nyumbani kwa Bi Zaituni, kumwomba arudi. Alirudi siku mbili kwa wiki mpaka macho yalipomkatalia. Hakuniuliza kitu, nami sikusema kitu.

Kazi unayoiendea ndiyo hiyo, kuchora shughuli za watu kutoka kila pembe kabla hawajazibadilisha. Kuchora unajua kuliko mie. Mie ninachojua ni jinsi mwenye mali anavyojisikia akisimama mbele ya karatasi ambayo yeye hayumo. Utawakuta akina mie wengi. Watakubishia, watakutuma zipu. Usiwacheke, na usiwaonyeshe karatasi ya mafundi wakiwa wamesimama peke yao. Kaa nao. Wape ya kwao kwanza, wafurahi kidogo, halafu muende pamoja kwenye ile nyingine, na mtu wako wa mlangoni awepo chumbani. Mie ungenikalisha na Bi Zaituni siku ile, ningenuna, lakini nisingepata nafasi ya kusema uongo. Sisemi ni kosa lako. Mungu anisamehe, si kosa lako hata chembe.

Na kuna jambo linaloniuma kuliko cheti chako kuchelewa. Siku ya mahafali yako, ulipovaa joho mwishowe, Bi Zaituni alileta sahani ya kalimati, amezipika mwenyewe na macho yale. Ulimwambia shikamoo kwa adabu, ukapokea sahani, ukaiweka juu ya friji. Kesho yake ilikuwa palepale. Mtoto niliyemfundisha mwenyewe kusema asante, namwona anamnyima mtu mwema asante yake, na mie najua sababu, na nanyamaza. Zile kalimati nilizitupa mie. Miaka mitatu unapita kwake na shikamoo kavu, na kila shikamoo ile ilikuwa yangu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mie nimeficha mpaka imebaki siku moja.

Leo asubuhi, ulipokuwa sokoni, nilikwenda Tandika. Nilimkuta amekaa kwenye jamvi, mjukuu wake anamchambulia mchele. Kwa macho hanioni vizuri tena, alinijua kwa hatua. Nikapiga magoti, kama tunavyofanya kwetu mbele ya mkubwa, nikamwomba radhi kwa lile la mwalimu, na la Mbweni, na la miaka yote. Akaniambia niinuke, sakafu ina vumbi. Nikamwuliza kwa nini aliubeba mzigo usio wake, akamwacha mtoto aliyempenda amwone mbaya.

Akasema, "Mie kwake ni mtu wa mlangoni, Mama Tuse. Akinichukia mie atarudi nyumbani atakula atalala. Akikuchukia wewe atarudi wapi?"



Nilipomwambia kwamba nitakuandikia, alikataa. Alisema utasafiri na moyo mzito, niache tu, yeye keshazoea. Hapo ndipo nilipojua lazima niandike. Mtu hazoei jambo kama lile. Na wewe una miaka ishirini na mitano, una kazi, una chumba chako huko Dodoma. Una pa kurudi hata ukinichukia.

Barua hii naiweka juu ya begi lako. Uisome leo, na kama hutaki kuzungumza nami jioni hii nitaelewa, nitamwambia baba yako umechoka na matayarisho ya safari. Yeye hajui, naye nitamwambia mwenyewe.

Kesho treni yako ni ya saa nne. Tutatoka saa moja, tupitie Tandika kwanza. Nitasimamisha gari kwenye kona, nyumba unaijua. Ingia peke yako, mie nitabaki garini. Kaa naye muda utakaotaka. Ukitoka, ukitaka kukaa mbele pamoja nami, mlango utakuwa wazi. Ukitaka kukaa nyuma, kaa nyuma, nitaendesha. Na ukitaka kuchukua bajaji uende stesheni bila mie, nenda mwanangu, begi nitakuletea mpaka getini, nikukabidhi, nirudi.

Mama yako